Rufaa za kesi za unajisi wa watoto: maswali ninayoulizwa nje ya korti

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Meza yangu iko nje ya korti moja ya Eastlands, hapa Nairobi, karibu na wauza chai na mandazi, na wanaokuja kuketi mbele yangu ni wa aina mbili. Kuna mama aliyeshika nakala ya P3 ya mwanawe, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ameambiwa mtu aliyefungwa amekata rufaa, naye anaogopa kukutana naye tena mtaani. Na kuna mke au mama wa aliyefungwa, mkononi ana barua ya kalamu iliyotoka gereza la Kamiti. Hawawezi kukaa benchi moja, lakini maswali yao hufanana, ndiyo maana nimeyaweka mahali pamoja. Mimi si wakili. Haya ni maelezo ya jinsi sheria ya Kenya inavyokwenda. Kesi yako ina mambo yake.

Rufaa ni kesi kuanza upya?

La. Hapa wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye rufaa, kwa kawaida hakuna shahidi anayeitwa tena. Mtoto harudi kusimulia, daktari haji, jirani aliyesikia kilio haulizwi kitu. Kinachofika mezani kwa jaji ni karatasi: hati ya mashtaka, ushahidi kama hakimu alivyouandika, vielelezo, na hukumu. Watu wa kortini huziita karatasi hizo prosidingi.

Jaji wa Mahakama Kuu anayesikiliza rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Haruhusiwi kugonga tu muhuri kwenye kazi ya hakimu. Msingi huo uliwekwa wazi katika kesi ya Okeno, mwaka 1972, enzi ya mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, na mpaka leo majaji wa Kenya huitaja karibu kila wanapoamua rufaa ya jinai. Kesi hiyo hiyo humkumbusha jaji kwamba yeye hakuwaona mashahidi. Hakimu alimwona mtoto akijibu bila kusita, au akibadilisha maneno kila alipoulizwa. Kwa sababu hiyo, hakimu akiandika kwamba alimwamini shahidi fulani, jaji huwa mzito kumpinga, mpaka aone karatasi zenyewe zinakataa.

Nimewahi kukaa kortini mtoto akiulizwa nani alimfanyia hayo, naye akanyoosha kidole kizimbani. Chumba kizima kiliona. Miezi mingi baadaye nikasoma prosidingi: kidole hakimo. Palikuwa na sentensi moja tu, "namjua mtu huyo." Kwa jaji aliyeisoma baadaye, kidole kile hakikuwahi kunyooshwa. Kwa hiyo kama wewe ni mzazi na kesi bado iko kwa hakimu, mwombe kiongozi wa mashtaka ahakikishe ishara kama hizo zinaandikwa. Rufaa nyingi hushinda au hushindwa hapo, kabla mtu yeyote hajafikiria kukata rufaa.

Kesi inapanda vipi, na tuna siku ngapi?

Kesi ya unajisi huanza kwa hakimu: Kibera, Makadara, Milimani na kwingineko. Aliyetiwa hatiani ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Siku zikipita si mwisho wa mambo. Mtu anaweza kuomba kuongezewa muda, na kucheleweshewa nakala ya hukumu au ya prosidingi ni sababu inayokubalika. Aliye jela hahitaji kutoka ili kuwasilisha rufaa. Anampa msimamizi wa gereza maombi yake, naye huyapeleka mahakamani. Hilo limo katika sheria yenyewe ya mwenendo wa kesi za jinai.

Mahakama Kuu huangalia ukweli wa mambo na sheria pia. Ukitoka hapo kwenda Mahakama ya Rufaa, mlango unakuwa mwembamba: ni hoja za sheria tu. Ukali wa adhabu, kwa mujibu wa kifungu cha 361 cha sheria hiyo, huhesabiwa kuwa jambo la ukweli, kwa hiyo kulia tu kwamba "miaka ni mingi" hakukufikishi popote pale. Juu kabisa kuna Mahakama ya Upeo, ambayo hupokea masuala ya tafsiri ya Katiba au jambo zito linalogusa umma kwa jumla. Kesi za kawaida haziendi huko.

Jaji anatafuta nini hasa?

Mambo matatu. Umri wa mtoto, kitendo chenyewe cha kuingiliwa (sheria inasema hata kwa sehemu tu), na kwamba aliyefanya ni huyu mshtakiwa na si mwingine. Kila moja lazima lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Likianguka moja, hatia ya unajisi haiwezi kusimama.

Umri ndio unaoshangaza watu. Mama huniuliza, "Si anaonekana tu ni mtoto?" Ndiyo, lakini chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 umri ndio unaoamua adhabu. Mtoto wa miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha. Kati ya 12 na 15, si chini ya miaka 20. Kati ya 16 na 18, si chini ya miaka 15. Kwa hiyo mwaka mmoja ni tofauti ya maisha ya mtu, na jaji atauliza umeujuaje. Cheti cha kuzaliwa ni bora. Kadi ya kliniki husaidia, ripoti ya daktari ya kukadiria umri kwa meno au mifupa pia, na hata neno la mzazi aliyemzaa. Mahakama zimekubali njia hizi zote, na katika hali nyingine hata kumtazama tu mtoto na kutumia akili ya kawaida. Lakini hati ya mashtaka ikisema miaka 11, P3 iseme 13, na mama aseme "alikuwa darasa la sita," basi jaji ana kazi. Mara nyingi hafuti hatia. Hushusha ngazi ya kosa na adhabu hushuka nayo.

Kuhusu kitendo, jaji akiona kuingiliwa hakukuthibitishwa ila kulikuwa na kumshika mtoto kwa njia chafu, anaweza kuweka hatia ya kosa dogo zaidi, yaani tendo la aibu kwa mtoto, ambalo nalo si chini ya miaka 10. Familia husikia "ameshinda rufaa" na kufikiri mtu anatoka kesho. Sivyo.

Kuhusu utambulisho, mazingira huchunguzwa kwa makini. Kulikuwa na mwanga gani? Mtoto alimjua mtu huyu kabla? Alimtaja kwa nani kwanza, na lini? Watoto wengi hudhulumiwa na mtu wa karibu, wa nyumbani au wa ploti moja, na hapo suala la kumjua huwa jepesi kidogo kuliko pale inapodaiwa ni mgeni aliyekutana naye gizani.

Hakukuwa na shahidi mwingine ila mtoto. Hatia inaweza kusimama?

Inaweza. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu za kuridhika huko. Zamani haikuwa hivyo. Neno la mtoto au la mwanamke lilihitaji kuegemezwa na ushahidi mwingine.

Zingatia maneno "ameandika sababu". Hakimu asipoandika, wakili wa mrufani, yaani aliyekata rufaa, ataanzia hapo. Jaji wa rufaa ya kwanza anaweza kupima mwenyewe kama mtoto alikuwa wa kuaminika, lakini kazi ni ngumu kwa mtu aliye na karatasi tu. Sentensi tatu za hakimu, kwamba mtoto alihojiwa kwa muda mrefu na hakuyumba, zina uzito kuliko kurasa kumi za kunukuu kesi za zamani.

P3 haikuonyesha majeraha, na DNA haikufanywa.

Hilo peke yake halimwachilii mtu. Mahakama ya Rufaa imesema mara kadhaa kwamba unajisi unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa mazingira, hata bila ripoti ya daktari. DNA nayo, chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, mahakama "inaweza" kuiagiza. Sheria haikusema ni lazima. Hata pale mtoto alipopata mimba, hoja ya "mbona hamkupima?" haikubaliki yenyewe, kwa sababu kinachoshtakiwa ni unajisi na si ubaba.

Upande wa pili nao ni kweli. Daktari kukuta dalili hakumwambii jaji nani alifanya. Nimesoma hukumu ambapo hakimu alitoka kwenye "kuna majeraha" na kuruka moja kwa moja hadi "mshtakiwa ana hatia", bila daraja la kati. Hukumu za namna hiyo hupinduliwa, na sina la kumlaumu jaji.

Mtoto hakuulizwa kama anajua maana ya kiapo.

Mtoto mdogo, kwa desturi ya mahakama aliye chini ya miaka 14, huhojiwa kwanza na hakimu ili ajulikane kama anaelewa kiapo, na kama haelewi, kama ana akili ya kutosha kueleza na anajua wajibu wa kusema kweli. Wafungwa wanalipenda sana swali hili. Limo karibu katika kila barua ninayoletewa. Zamani kukosekana kwa mahojiano hayo kuliweza kuangusha kesi nzima. Tangu uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2016, msimamo ni kwamba kosa hilo peke yake halitoshi. Jaji hutazama kesi nzima na ushahidi mwingine uliopo, kisha aone kama haki ilikosekana kweli.

Hakimu alihamishwa katikati ya kesi. Je?

Hapa sikiliza vizuri. Hakimu mpya anaweza kuendelea pale mwenzake alipoachia, lakini kifungu cha 200 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamlazimu kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kuomba mashahidi waitwe tena. Ni kumweleza, na kuandika kwamba amemweleza. Asipofanya hivyo, rufaa ina miguu. Inaniuma, kwa sababu ni kosa la sentensi moja, na anayelilipia ni mtoto anayeitwa tena kusimulia.

Je, kosa lolote la utaratibu hufuta hatia?

Hapana. Kifungu cha 382 cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema makosa ya utaratibu hayapindui hukumu mpaka yawe yamesababisha haki kupotea. Tarehe iliyokosewa kwenye hati ya mashtaka, jina lililoandikwa vibaya, kwa kawaida hupita. Mshtakiwa kunyimwa maelezo ya mashahidi mapema, au kesi kuendeshwa kwa lugha asiyoielewa bila mkalimani, hayapiti. Hayo yanagusa kifungu cha 50 cha Katiba. Kutoambiwa kwamba ana haki ya wakili pia huzua hoja nzito, hasa adhabu inapokuwa ya maisha.

"Ni chuki tu, walitaka kutufukuza kwenye nyumba."

Huenda. Visa vya kusingiziana vipo, na mahakama zinalijua hilo. Lakini jaji atauliza: mshtakiwa alimuuliza mama wa mtoto kuhusu ugomvi huo alipokuwa akitoa ushahidi? Au chuki ilitajwa mara ya kwanza wakati wa kujitetea, mashahidi wote wakiwa wamekwenda zao? Ikiwa ni hivyo, huonekana kama hadithi iliyotungwa baadaye. Na ukiileta kwenye rufaa kwa mara ya kwanza, usitarajie mengi.

Familia mbili zimeelewana. Tuandike barua kwa jaji?

Msiiandike. Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, uamuzi wa kusimamisha kesi ya kosa la kingono hauko mikononi mwa familia, wala chifu, wala wazee. Uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Maelewano ya mbuzi au ya shilingi hayabadilishi kilichothibitishwa. Nimeona mama akisukumwa na mashemeji aandike kwamba mtoto alidanganya. Barua kama hiyo haimtoi mtu jela, na inaweza kumletea mama mwenyewe maswali ya polisi.

Ushahidi mpya kabisa ni jambo jingine. Kifungu cha 358 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu mahakama ya rufaa kuupokea, ila lazima uonyeshe kwa nini haukuletwa mwanzo. Na rufaa zote zikiisha, Katiba katika kifungu cha 50(6) inaruhusu kuomba kesi mpya kama ushahidi mpya na mzito umepatikana.

Alikiri kosa. Anaweza kukata rufaa?

Juu ya adhabu tu, yaani ukubwa wake au uhalali wake. Isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri: hakuelewa lugha, au ukweli wa mashtaka haukusomwa kwake.

Adhabu inaweza kupunguzwa? Wengine walitoka baada ya Muruatetu.

Hili ndilo swali lililozungushwa kuliko yote, na nawahurumia wafungwa, kwa sababu kwa miaka minane hivi jibu lilikuwa likibadilika chini ya miguu yao.

Desemba 2017 Mahakama ya Upeo ilisema katika kesi ya Muruatetu kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mara moja wafungwa wa unajisi nao wakaanza kuomba, na mahakama nyingi zikawapunguzia. Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikafafanua kwamba ilizungumzia mauaji tu. Hata hivyo Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungo vya chini vya lazima katika makosa ya kingono vinawanyima mahakimu hiari, na mlango ukafunguka tena. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa huko Malindi ikaondoa kifungo cha maisha cha lazima na kuweka miaka 40.

Kisha mlango ukafungwa. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Upeo ilirudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekishusha hadi 15, ikisema kwamba Muruatetu haihusu makosa ya kingono na kwamba kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge ni halali mpaka kibatilishwe kwa njia inayostahili. Aprili 2025 ikaupindua na ule uamuzi wa Malindi, kifungo cha maisha kikarudi. Mahakama zote za chini zinafungwa na maamuzi hayo. Anayekuuzia ombi la "resentensi", yaani kupangiwa adhabu upya, leo kwa elfu ishirini, muulize kwanza kama amesoma hukumu hizo mbili.

Kilichobaki na ambacho watu husahau ni kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai: muda uliokaa rumande kabla ya hukumu uhesabiwe. Kama hukumu haikutaja, omba. Nimeona watu wakipata miaka miwili au mitatu kwa njia hii. Aliyekuwa nje kwa dhamana hana cha kuhesabiwa.

Adhabu inaweza kuongezwa?

Ndiyo. Kama hakimu alitoa miaka michache kuliko sheria inavyotaka, upande wa mashtaka unaweza kuomba iongezwe, na jaji humwonya mrufani kabla ya kuendelea. Wengi wakionywa huondoa rufaa siku hiyo hiyo.

Anaweza kutoka kwa dhamana wakati rufaa inasubiri?

Anaweza kuomba. Lakini hachukuliwi tena kuwa hana hatia, kwa hiyo lazima aonyeshe rufaa yake ina nafasi kubwa mno ya kufaulu. Katika kesi hizi ni nadra.

Jaji akisema kesi irudiwe, mtoto atatoa ushahidi tena?

Ndiyo, na hili ndilo jibu ninalolichukia kulitoa. Kesi hurudiwa pale iliyotangulia ilipokuwa na kasoro ya kisheria, na kama haki inadai hivyo. Hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Jaji hupima pia miaka mfungwa aliyokwisha kukaa ndani, mashahidi wako wapi, na mtoto yuko katika hali gani. Mtoto aliyekuwa na miaka saba sasa ana kumi na tatu, pengine amehamia shule nyingine na hataki kukumbushwa. Wakati mwingine jaji huona haifai, na mtu huachiliwa.

Faili ikipotea?

Haimaanishi mtu anatoka papo hapo. Mahakama hujaribu kwanza kuijenga upya kutoka kwa nakala za polisi, za upande wa mashtaka na za mrufani. Ndiyo maana nawaambia watu wote wawili mbele ya meza yangu: toa fotokopi ya kila karatasi unayopewa.

Sisi familia ya mtoto tuna nafasi gani katika rufaa?

Kisheria, rufaa ni kati ya mrufani na Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na kama mshtakiwa aliachiliwa, ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayekata rufaa, si ninyi. Lakini Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inawapa haki ya kujulishwa na kusikilizwa, na Septemba 2020 Mahakama ya Upeo ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kupitia wakili wake. Nendeni ofisi ya mashtaka mkiwa na namba ya kesi, muulize rufaa iko chini ya nani na itatajwa lini. Msingoje kuambiwa. Katika kesi moja niliyoifuata, familia ilijua mtu ametoka walipomwona akinunua mboga kibandani kwao.

Jina la mtoto litatokea kwenye mtandao?

Hukumu za rufaa huchapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law, mtu yeyote husoma bure. Mtoto huandikwa kwa herufi za mwanzo tu, na mrufani aliye jamaa yake wa karibu mara nyingi hufichwa vivyo hivyo ili mtoto asijulikane kupitia kwake. Mkiona jina kamili limepita, mwandikieni msajili wa mahakama mara moja liondolewe.

Kijana wangu wa miaka 19 alikuwa na mpenzi wa miaka 17.

Sheria ni ile ile: aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali. Kuna utetezi mmoja, kwamba msichana alimdanganya kuhusu umri wake na kijana aliamini kwa sababu za maana. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa hapa Nairobi iliukubali utetezi huo, ikamwachilia kijana, na ikaongeza kwamba sheria hii inahitaji kutazamwa upya kwa vijana wanaokaribia utu uzima. Maneno hayo ya mwisho hayakubadilisha sheria. Mimi nadhani majaji walisema kweli, ila namwambia kila mzazi asiyajengee matumaini: muulize wakili kuhusu udanganyifu wa umri, na kama ushahidi wake umo ndani ya prosidingi.

Wakili tutampata wapi bila pesa?

Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, chini ya sheria ya mwaka 2016, na chama cha mawakili huwa na siku za msaada wa bure. Kwa mtoto anayehitaji msaada sasa hivi, simu 116 ni ya bure; 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Mkija kwangu, njooni na hukumu na prosidingi, si barua peke yake, na mje kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo huwa nimeingia ndani kusikiliza kesi.